Nambari ya Kubembelezea

Nyota ilikaa kashani kwa Bibi,
chini ya kanga aliyokalia eda.
Pembe sita, shaba iliyofifia,
utepe wake umeliwa na mende,
umebaki uzi mmoja mwekundu.
Nikaigeuza. Nyuma hamna jina,
hata herufi.
Ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

"Ya babu yako," alisema Bi Time,
na kwake maneno yaliishia hapo,
akarudi kuchambua makonyo.

Kingine nilichokuwa nacho ni nambari.
Babu aliisema usingizini, homa ikimpanda,
miaka mingi baada ya Burma:
tisa, sita, nne, mbili, sufuri,
kwa sauti kavu ya gwarideni.
Bibi akaishika. Mwanamke asiyejua kusoma
akambembelezea baba yangu,
kisha shangazi zangu watano, kisha mimi:
tisa sita, nyamaa,
nne mbili, nyamaa,
sufuri, na hapo mtoto keshalala.

Nikaondoka Wete na nambari ile mdomoni
kama mtoto aliyetumwa dukani,
anakariri njia nzima asije akasahau.

Kilimani, nyumba ya nyaraka.
Feni inazunguka kwa kulazimishwa.
Bwana Mbarouk ananiambia niweke wino wangu mkobani,
humu inaruhusiwa kalamu ya risasi tu.
Kina Hamadi Kombo wapo kumi na mmoja.
Hamadi, Hamad, Ahamadi, Amadi:
karani aliandika alivyosikia
na alisikia alivyotaka.
Mmoja mpishi. Mmoja mchukuzi. Mmoja alitoroka Mombasa,
nikaomba asiwe wetu,
kisha nikaomba awe.

Nikampa nambari.

Akarudi na daftari lililotobolewa na mchwa.
Kidole chake kikateremka, kikasimama:
tisa sita nne mbili sufuri.
Shaame Ngwali, wa Kiuyu.
Mkwezi wa minazi. Kovu, goti la kushoto.
Amekufa Burma, kando ya mto
ambao karani alijaribu kuuandika mara mbili, akauacha.
Nishani: imechukuliwa.
Mahali pa sahihi, dole gumba,
na pembeni, kwa wino mwingine:
H. Kombo, mwenzake.

Nikampigia Bibi simu, nimekaa ngazini.
Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Aliipeleka Kiuyu kwa miguu," akasema.
"Mama yake Shaame hakuipokea.
Alisema, nilitoa mtu, mnanirejeshea kifungo cha koti.
Babu yako akarudi nayo.
Siku tatu hakula humu ndani."
"Na yake mwenyewe?"
"Yake ya nini?"

Yake tukaiona alasiri, daftari jingine kabisa,
Hamadi wa saba kati ya wale kumi na mmoja,
mama yake Mize binti Faki, ndiye huyo.
Nambari yake sikuwahi kuisikia kwa mtu.
Tabia: nzuri.
Adhabu: siku saba, kuacha zamu bila ruhusa,
tarehe ileile aliyokufa Shaame.
Nishani: haikuchukuliwa.

Bwana Mbarouk akahesabu kurasa za kutoa nakala.
"Huyu babu yako, sawa. Na huyu mwengine
ni nani wenu? Fomu inauliza uhusiano."

Nilishika kalamu ya risasi muda mrefu.
Udugu hatuna. Kiuyu sijafika.
Nikaandika: ndiye aliyekuwa akinilaza,
na baba yangu kabla yangu.
Akaisoma, akaisoma tena,
akagonga muhuri.